Taa ya Bluu

Mumewe aliporudi kutoka hospitali kule Salvador, Jacira alimketisha mbele ya tangi la matumbawe hai aliloachiwa alitunze. Alikuwa amefunga mapazia na kuacha taa ya bluu tu. Matumbawe yaling'aa kama vito.

"Umeniweza, mke wangu! Nilidhani nitakuta makaburi," alicheka mumewe, akivua miwani ya jua. "Na mimi daktari kasema nimepona kabisa."

Jacira akashindwa kuvumilia. "Nisamehe. Yalikuwa ya kahawia, nikadhani yanakufa, nikayapandisha karibu na taa. Kumbe kahawia ndiyo uzima wenyewe. Nimeyaunguza."

Akawasha taa nyeupe. Yote yalikuwa meupe kama mifupa.

Akageuka apokee matusi, akakutana na macho ya mumewe, ya manjano kama maji ya embe.

"Izime," mumewe alinong'ona. "Turudishie ya bluu."