Uso Sikuugusa

Fundi cherehani aliudaka mkono wa mama yake na kuuvuta chini ya taa ya cherehani. Mishipa iliyotuna miaka yote haikuonekana tena. Ngozi ilikuwa imejaa, nyororo, na vitobo vya sindano vilikuwa bado vyekundu.

"Umejazwa mikono kwa sindano za urembo, mama?"

"Nimejazwa."

"Na kucha ukapaka rangi! Umri huu?"

"Anaipenda nyekundu," mama alisema, kisha akajiuma midomo.

Hasira zilimpanda binti mpaka masikio yakawaka moto. Baba yuko wodini anaisha kama kipande cha sabuni, kumbukumbu zimempotea, chakula hataki, na huyu anakwenda kujipamba! Juzi mama alipomsogezea kijiko, mzee alikipiga kikaruka hadi ukutani.

"Nani kamleta huyu bibi kizee?" alifoka. "Mtoeni!"

Mama alifuta supu sakafuni. Daktari akawaambia wazi kwamba asipokula, wiki hii haimalizi.

"Baba hajui asemalo," binti alisema. "Amekuita bibi kizee, basi ndio ukatafute wa kukuita binti? Huna haya?"

"Uso sikuugusa," mama alijibu taratibu. "Mikono inatosha." Akachukua mkoba wake, akatoka.

Binti alitupa mkasi mezani, akamfuata. Leo angemjua huyo bwana, na angemwaga radhi mbele za watu. Mama alitembea upesi, mikono ameificha ndani ya mtandio. Akavuka barabara. Akaingia hospitali.

Kumbe bwana mwenyewe yumo humu humu, pua na mdomo na kitanda cha baba! Binti alipanda ngazi akihema, matusi yamemjaa kinywani, akausukuma mlango wa wodi.

Kitanda cha baba kilikuwa kimezungushiwa pazia. Mama alisimama nje ya pazia hilo, amejibana ukutani asionekane. Alikuwa amepenyeza mkono mmoja tu, wenye kucha nyekundu, na kijiko cha supu.

Ndani, mtu alisikika akimeza.

"Leo umechelewa, mchumba," baba alisema. "Yule bibi kizee ameshaondoka?"

"Ameshaondoka," mama alijibu, akachota kijiko kingine.