Udongo wa Kufinyangia

"Mwalimu, angalia, inakimbia," alisema msichana wa dawati la mbele. Kiganjani mwake kitone cheupe kama fedha kilibingirika juu ya udongo.

Mwalimu Violeth akaitambua: zebaki, ambayo wachimbaji hukamatia dhahabu.

Darasa zima lilikuwa na mikono kwenye udongo ule, likifinyanga samaki na vyura. Ilikuwa Januari. Mwalimu mkuu alikuwa amemkubalia kwamba mwaka huu watoto wajifunze sanaa na kutunza mazingira kwa pamoja. Udongo aliuchagua mwenyewe, kwenye kijito kinachopita chini ya karasha la kusagia mawe ya dhahabu, hapa Katoro.

Hakutaka wamwone akiogopa.

"Wekeni udongo chini taratibu. Mtu asijishike usoni. Tokeni nje mkanawe kwa sabuni."

Wakatoka. Msichana akabaki na kiganja wazi, kitone kikitetemeka katikati.

"Nimekosa nini, mwalimu?"

"Hujakosa, mama. Hii ni sumu, na moshi wake ikichomwa ni mbaya zaidi. Imwage humu." Violeth akamkingia kopo la maji.

"Mbona baba anayo kwenye chupa? Anachomea dhahabu jikoni, kwenye kikaango."

"Mama yako yuko wapi sasa hivi?"

"Jikoni. Tangu ajifungue analala humo na mtoto, maana kuna joto."

Violeth alimwosha mikono. Akamwomba mwalimu wa darasa la jirani awaangalie wengine.

"Nipeleke kwenu," akamwambia msichana. "Tukimbie."