Mbwa wa Paani wa Cerro Pelado

Mbwa alishushwa kutoka paani kwa shuka la kitandani, wanaume wawili juu na wawili chini, kama watu wanaohamisha kabati. Alipofika ardhini alikunja miguu akakataa kusimama. Alipandishwa juu akiwa kitoto, awabwekee wezi kama mbwa wote wa mapaa yale, na tangu hapo hakuwa amekanyaga udongo.

"Hata mbwa wenu washamba," alisema Doña Herminia. "Mbebeni."

Alikuwa amesimama langoni kwake, mikono kiunoni, mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Uwanja aliutoa yeye, maji na umeme pia. Gari jeupe la kliniki lilikuwa ndani, na Daktari Ulises akifanya kazi nyuma ya pazia la kijani. Kuhasi dume au kufunga kizazi cha jike, bei ya kuku mmoja. Hakuna daktari wa wanyama aliyewahi kupanda mlima ule wa pembeni mwa Lima. Herminia ndiye aliyemkubalia aje.

Daktari alikuwa na sharti moja tu: mapaa yote, au basi. Nyumba za Cerro Pelado zimebanana, na mbwa huvuka paa hadi paa. "Ukibakiza mmoja, Mama Mwenyekiti, mwakani vitoto vimejaa tena." Akikosekana hata mmoja, gari lingekwenda mlima wa jirani, kwa mwenyekiti mwingine. Na uchaguzi wa kamati ulikuwa Jumapili ijayo.

Aliyekosekana alikuwa Tigre, wa Zenobia.

Herminia alimwendea mwenyewe, na nusu ya mtaa nyuma yake.

"Zenobia! Shusha hilo jini lako!"

Zenobia alichungulia kutoka juu, kati ya nondo za ghorofa ambayo bado haijajengwa. "Hapendi watu, dada."

"Na nani anampenda yeye? Wenzako wote wameshashusha. Au nimwambie daktari huku tunaishi na watu wa aina yako?"

"Na akifa kwa sindano?"

"Atakufa amemwona daktari. Wewe mwenyewe hujamwona tangu uzaliwe."

Watu waliangua kicheko. Zenobia alivuta shali lake. "Nikimshusha, nitakaa naye."

"Ukae naye, ndiyo. Nyumba nzima mkae. Mbwa akizinduka asione sura za kwao, moyo unamsimama. Ndivyo alivyosema daktari."

"Hata mama? Mama hatoki kitandani."

"Basi mbebeni kama mbwa. Shuka si mnalo?"

Tigre alishuka akinguruma, halafu akashuka bibi kizee, kimya. Herminia alishusha pumzi. Kiti chake kilikuwa salama.

Langoni alimkuta mwanamke mmoja amekumbatia paka, na msaidizi wa daktari akimrudisha kwa upole. "Siku nyingine, mama. Leo wa paani tu."

"Mtu mzima hivyo, hajui tofauti ya mbwa na paka," Herminia alisema kwa sauti, ili asikike.

Uwanjani walikuwa wameandaa pollada, kama mtaa unavyofanya kila ukiwa na jambo: kuku wa kukaanga, viazi, bia kwa anayelipa, na spika mbili za kukodi. Daktari ndiye aliyeshauri, watu wasichoke kusubiri. Alishauri pia muziki uongezwe. Herminia, aliyekuwa akiwatazama wakilamba vidole, aliona haya kwa niaba yao. Tisa kati ya kumi wangekuja hata kama wangeambiwa wao ndio watakaohasiwa, mradi kuna kuku.

Mbwa walitoka nyuma ya pazia mmoja mmoja, wamelala fofofo, wamefungwa blanketi hadi kidevuni. Walipangwa ukutani, kila mmoja na watu wake.

"Mtu asifunue kabla jua halijazama," daktari alionya. "Vumbi likiingia kwenye kidonda, msinilaumu."

Herminia alizunguka na mwiko wa kukaangia, akipiga kila mkono uliosogelea blanketi. "Unasikia kwa masikio au kwa makalio? Kasema jua lizame!"

Alipomalizwa wa mwisho, dawa ya kuzindulia ilikuwa imekwisha. Daktari na wasaidizi wangeteremka mara moja kuchukua nyingine. Alimshika Herminia mikono yote miwili.

"Sijaona watu wasikivu kama wako, Mama Mwenyekiti."

"Si wasikivu, daktari. Wanachungwa."

Gari liliondoka. Muziki uliendelea, na mafuta yakaongezwa kwenye karai. Jua lilikuwa bado juu ya bahari Herminia alipomwona Zenobia, mkono wake umezama ndani ya blanketi la Tigre.

"Wewe! Toa mkono!"

"Natafuta mshono, dada. Sioni."

"Utaujulia wapi mshono? Hebu ondoka."

Alimsukuma kando, akainama, akafunua mwenyewe ili amwonyeshe. Tumbo la Tigre lilikuwa na manyoya yake yote. Hakukuwa na kidonda, wala damu, wala uzi. Tigre alikuwa dume kamili kama alivyoshushwa, kila kitu mahali pake, akikoroma.

Herminia alifunua wa pili. Alifunua jike la jirani, na dume la kinyozi.

"Zimeni huo muziki!"

Muziki ulizimwa. Ndipo waliposikia, kutoka juu walikoziacha nyumba zao, malori yakibadilisha gia, yakiteremka taratibu upande wa pili wa mlima, taratibu kama yateremkavyo malori yenye mzigo. Na kwa mara ya kwanza tangu Cerro Pelado ijengwe, hakuna mbwa aliyebweka.