Chanzo cha Joto

Sheria inataka kila nyumba ifuge kadi moja ya michoro ya Mamlaka, ile ya kompyuta, iwake kutwa kucha ikichora mambo ambayo sisi wenyewe hatuyaoni. Yetu wameifunga ukutani chumbani kwa mama, na inachoma kama tanuri. Nimeifuta vumbi, nimeipaka dawa mpya ya kupozea, lakini feni yake inajikokota tu. Eti kasi ya feni hupangwa makao makuu!

Leo wamemleta fundi, Chengo. Alinikuta naipepea kadi yao kwa kipepeo cha jikoni, huku mama yuko kitandani, homa imempanda.

"Iongezeeni kasi hiyo feni!" nilimfokea. "Au mnataka tufie humu?"

"Dada, feni ikikimbia sana inachakaa," alinijibu bila haya. "Mimi nimetumwa kutafuta chanzo cha joto."

Akakizungusha kipimajoto chake chumba kizima, ila kadi yao akairuka. Kilipomwelekea mama, kikalia.

"Thelathini na tisa," alisema, akiandika. "Chanzo ni hiki. Mhamisheni."

Kabla sijafungua kinywa kumtukana, mama alikuwa keshaketi, anapapasa sakafuni kutafuta kandambili zake.