Kinyesi Kando ya Zizi

Majirani walidai mbwa wa Chiku ndiye anayewalia vitoto vya mbuzi. Chiku akaapa mbele yao: "Akiwa ni yeye, nitamnyonga kwa mkono wangu." Akaokota kinyesi kando ya zizi lao, akampelekea Kibwana, mwindaji wa zamani.

Mzee alikiponda ndani ya beseni la maji, akatoa vipande vya mifupa.

"Angekuwa fisi, mwanangu, mfupa ungesagika ukawa kama chokaa."

"Basi ni chui, baba."

Kibwana alichambua tena kwa kijiti, akasita. Kando ya mifupa aliweka maganda ya mahindi na maharage.

"Chui hali kande," alisema taratibu.

Chiku alirudi nyumbani na kamba mkononi. Mbwa akamkimbilia akitikisa mkia, akainamisha shingo avalishwe.