Vidonge vya Bi Mwanakheri

Tangu viungo vihesabiwe kuwa dawa, ilikuwa marufuku kuvitia chunguni, asije mtu akazidisha kipimo. Manjano, tangawizi na habasoda vilitolewa kila asubuhi na mashine ya ukutani, vikiwa vidonge, kila mtu kwa kadiri ya dalili za uvimbe zilizosomwa kwenye damu yake.

Saumu aliipenda sheria hiyo. Alikuwa na diploma ya lishe, na mama mkwe wake, Bi Mwanakheri, alikuwa na kisukari na miguu iliyojaa.

"Mwanangu, nipikie mchuzi wa manjano, japo kijiko," bibi alimwomba jioni moja. "Kidonge nakimeza, lakini ulimi haujui kama nimekula."

"Mama, cha leo umeshameza. Utaniharibia vipimo."

"Vipimo vyangu au vyako?" Bibi alicheka, akala wali wake mweupe.

Wiki ile ile alifariki usingizini. Vipimo vyake vilikuwa vizuri sana.

Hakuna aliyeiarifu mashine, nayo ikaendelea kutoa vidonge vyake. Ijumaa moja Saumu alivitwanga vyote kinuni, akavimimina kwenye tui lililokuwa likichemka. Akatia tone kiganjani, akalilamba kama alivyokuwa akifanya marehemu kabla ya marufuku. Mchuzi ulikuwa umekolea.

Binti yake, Hidaya, alisimama mlangoni ameziba pua.

"Mama, nani anaumwa?"

"Hakuna. Kaa ule."

Mtoto akafumba macho, akameza tonge bila kutafuna, kisha akaomba maji.