Bangili ya Mikono Safi

Siku hizo kila mkulima wa maharage machanga kule Mlalo alivaa bangili iliyonusa vijidudu mikononi mwake, na wanunuzi wa ng'ambo waliyaona majibu papo hapo. Ikiwaka nyekundu, shamba lilifungwa msimu mzima. Zahara hakuwahi kufungiwa.

Wiki ya mavuno, mwanawe Kihiyo akashikwa na tumbo la kuhara. Alilia akimwita mama yake. Zahara alisimama mlangoni, asithubutu kuingia.

"Kaa huko huko," alisema mama mkwe, akimwosha mtoto. "Mimi sina bangili."

"Anaendeleaje, mama?"

"Anakutaka wewe."

Zahara akaenda shambani kuchuma. Maharage yake yakapita, yakapanda ndege.

Kihiyo alipopona, Zahara alipiga magoti uani, akamkunjulia mikono amkumbatie. Mtoto akarudi nyuma, akaficha viganja vyake mgongoni.

"Usinishike, mama," alisema kwa upole, kama mtu mzima anayemkanya mtoto. "Watatufungia shamba."

Mama mkwe aliangua kicheko, akamsifu mjukuu wake kwa akili. Zahara naye alijaribu kucheka.